Siku moja Mida Creek: saa zangu zinapangwa na maji

Anayetaka kupiga picha za ndege wa pwani na atafute jedwali la maji kabla ya kutafuta lenzi kubwa. Kazi ya Mida Creek, kusini kidogo mwa Watamu, pwani ya Kenya, naipanga kwa bamvu, yaani maji makubwa ya siku zinazozunguka mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Leo ni Februari, kaskazi bado inavuma na mwezi umejaa. Siku ya namna hii maji ya Kilindini, bandari ya Mombasa, hujaa mnamo saa kumi na nusu alfajiri, hupwa saa nne na nusu hivi, kisha hujaa tena kuelekea jioni. Ndani ya hori, yaani Mida Creek yenyewe, yanachelewa, kwa sababu yote yanapita kwenye mlango mmoja mwembamba. Jedwali linakupa makisio tu. Jibu kamili utalipata kwa kutia alama nguzo moja na kuitazama.

Saa kumi alfajiri. Kamera imelala nje ya chumba chenye AC. Ikitolewa kwenye baridi hadi kwenye hewa ya pwani, kioo kinashika ukungu, na ukikifuta unarudi pale pale. Dawa ni kuiacha ndani ya begi lililofungwa, nusu saa au zaidi, mpaka ipate joto la nje.

Saa kumi na mbili asubuhi. Picha ya mandhari kwanza. Hii ni picha moja inayorudiwa mwaka mzima: tripodi juu ya alama ileile, lenzi ya milimita 24, kamera kimo cha sentimita 140, f/11 (tundu dogo la lenzi), ISO 100 (wepesi mdogo wa kupokea mwanga), sekunde 4 hadi 10 kulingana na mwanga. Tripodi isimame chini kwenye ardhi ngumu. Daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko linatikisika mtu akikanyaga hata mwisho wake wa pili, na sekunde 4 ni nyingi mno kwa daraja linalotikisika.

Wengi hulinganisha misimu kwa tarehe peke yake. Picha ya Februari inatoka na maji, ya Julai inatoka na tope, na mtazamaji anadhani kusi imekausha hori! Ulinganifu una maana tu ikiwa maji yamefika alama ileile. Bahati nzuri ni kwamba kwetu bamvu huja na saa zake zilezile, kwa hiyo alfajiri ya mwezi mpevu hukupa maji yanayokaribiana mwezi hadi mwezi. Hapo ndipo tofauti ya kweli inaonekana: anga safi la kaskazi, mawingu mazito na maji ya rangi ya chai wakati wa masika, mawimbi madogo ya kusi hata ndani ya hori.

Saa mbili hadi saa tatu na nusu. Maji yanatoka, ndege wanayafuata mbali. Kutembea topeni kunahitaji viatu vilivyofungwa, maana chaza hukata mguu kama wembe. Miguu ya tripodi ikunjuliwe sehemu ya chini kabisa kwanza, ili kiungo kikae juu ya tope. Mchanga ukiingia kwenye kifungo, unasaga kila unapozungusha. Chini ya kila mguu weka kifuniko cha ndoo, usizame.

Kuanzia saa nne mpaka saa nane weka lenzi ndefu chini. Tope limepata joto, mazigazi yanacheza, na ndege aliye mita 60 anatoka kama aliyechorwa na mkono unaotetemeka. Lenzi ya bei kali hairekebishi hewa. Wakati huu ni wa kaa wadogo, mizizi ya mkoko na maua ya mchu (aina ya mkoko), vitu vya mita moja au mbili, chini ya kivuli.

Saa tisa alasiri. Hii ndiyo saa ya kazi. Maji yanapanda na kuwasukuma ndege kuelekea kwako, jua liko mgongoni ukiwa upande wa barabara ya Malindi. Keti kwenye banda mwisho wa daraja kabla hawajafika, ukiwafuata, wataruka. Ada ya daraja inachangia karo za sekondari za watoto wa jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke, basi lipa bila kubembeleza bei.

Anayengojewa ni mla kaa, Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama patasi. Huzaa ng'ambo, katika mashimo anayochimba mchangani, Oman na visiwa vya Ghuba miongoni mwa sehemu nyingine, kisha huja kwetu kuanzia Agosti hivi hadi Aprili. Mtazame kwa makini: anakimbia hatua tatu, anasimama, anachoma tope, anatoka na kaa. Kaa mdogo anamezwa mzima, mkubwa anavunjwavunjwa kwanza. Nyuma yake mara nyingi kuna kinda wa kijivu, mkubwa karibu sawa na mzazi, bado anaomba chakula. Picha ni hiyo.

Kipimo cha mwanga cha kamera kinadanganywa na tope jeusi, kinaunguza manyoya meupe. Punguza stopu moja, yaani nusu ya mwanga, hakikisha histogramu (mchoro wa mwanga kwenye skrini) haijagonga ukuta wa kulia. Anayetembea sekunde 1/1000, anayeruka 1/2000. Akiruka mbele ya anga jeupe, geuza: ongeza stopu moja. Vichwa vikiinuka vyote na ulaji ukakoma, umeshawasumbua. Tulia au rudi nyuma. Mwezi Machi na Aprili jizuie zaidi, wanajaza mafuta ya safari.

Saa kumi na mbili na nusu jioni. Keremkerem wekundu wanakuja kulala mikokoni, makundi kwa makundi. Wanafika mwanga ukikaribia kwisha, hivyo ISO 3200 na f/4, usiogope chengachenga. Ukichelewa dakika kumi utapata vivuli tu.

Saa mbili usiku. Chumvi haifutwi kavu, itachubua kioo. Kitambaa chenye maji baridi (yasiyo na chumvi) kidogo kwanza, ndipo kikavu. Tripodi inafunguliwa, inaoshwa, inaachwa wazi hadi asubuhi. Faili zinanakiliwa kwenye diski mbili, jina likibeba tarehe, saa na kimo cha maji kwenye nguzo. Kesho maji yatachelewa kama dakika 40, kengele inasogezwa.