Siku moja ya kupima sianidi (sumu ya mihogo michungu), kuanzia shambani

Saa 12:30 asubuhi. Shamba la mihogo michungu ya miezi 12, Newala. Tunaruka mistari miwili ya pembeni, tunapita kwa zigizaga, tunachukua mashina matano kwa kuhesabu hatua. Ukichagua kwa macho utakimbilia yaliyonawiri. Mvua ya mwisho tunaiandika, maana ukame hupandisha sumu hata kwa mbegu ileile.

Saa 1:30. Kung'oa. Chimba kwa jembe kuzunguka shina, usivute kwa nguvu: muhogo uliochubuka umeshaanza kupoteza sianidi. Kila shina mihogo mitatu, mkubwa, wa kati na mdogo, kila mmoja na lebo yake. Usiichanganye, hata ya shina moja hutofautiana sana. Gunia likae kivulini.

Saa 4:00. Maabara, na hapa ndipo vipimo vingi huharibikia. Linamarini, kemikali inayobeba sianidi ya muhogo, imo ndani ya seli; kimeng'enya chake, protini inayoivunja, kimo kwenye kuta za seli. Kisu kikipita vinakutana na gesi ya sianidi inatoka. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26, kwa hiyo ukitwanga muhogo ukauacha wazi unapima kilichobaki tu. Menya, kata kisahani cha milimita 1.5 katikati ya urefu, kisha kipande chembamba kama cha keki, kutoka nje hadi kiini, kwa sababu upande wa ganda una sumu zaidi. Miligramu 100. Kosa la miligramu 5 tayari ni asilimia 5 ya jibu.

Kipande kinaingia kwenye chupa yenye karatasi ya bafa (kemikali inayodumisha kiwango cha asidi, hapa pH 6) na kimeng'enya, nusu mililita ya maji, kisha karatasi ya njano ya pikreti, kemikali inayogeuka kahawia ikikutana na sianidi, isiyogusa maji. Funga papo hapo. Chupa moja haina muhogo: ndiyo sifuri yetu.

Saa 10:00 jioni. Chupa za jana zimetimiza saa 24. Karatasi iliyogeuka kahawia tunailoweka kwenye mililita 5 za maji nusu saa, tunasoma ukolezi wa rangi ya maji hayo kwenye spektrofotomita (kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa), nanomita 510. Ikisoma 0.25, zidisha kwa 396, namba ya kudumu ya kipimo hiki: miligramu 99 za sianidi kwa kilo ya muhogo. Muhogo mbichi usiozidi 50 huhesabiwa mtamu. Huu wa 99 haupaswi kuliwa kabla ya kulowekwa na kukaushwa vizuri. Mihogo mitatu ya shina moja ikipishana mno, tunaandika namba zote tatu, si wastani peke yake.