Nimeenda Kariokor kumtafutia susu baba yake mkubwa

Nilitoka Machakos na matatu ya kwanza, nimebanwa dirishani na mama mwenye gunia la maembe, na safari yote ilikuwa ya kazi moja tu ya susu, nyanya yangu. Susu ako na miaka 91. Kaka mkubwa wa babake alishikwa 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kijana tu wa kibarua kwa shamba la mzungu, hata mke hajaoa, wakapelekwa Nairobi yeye na wenzake kubebea jeshi la Waingereza mizigo wakimfuata Mjerumani huko Tanganyika. Hakurudi. Aliyerudi ni jirani, ndiye alisema jamaa alimalizwa na kuhara huko Kilwa, unga mbovu umepikwa nusu, mvua haikatiki na mzigo ni ule ule kila asubuhi.

"Ukaniangalizie kama walimwandika," susu akaniambia.

Nikashuka stendi ya Kantri Bas, Nairobi, nikakata kwa miguu hadi soko la Kariokor. Miaka yote naenda hapo kununua ndara na sijawahi jiuliza jina limetoka wapi, kumbe ni Carrier Corps, wapagazi wenyewe, kambi yao ilikuwa hapo, na Kariakoo ya Dar ni hiyo hiyo stori. Nikauliza mzee mmoja anashona viatu kama kuna kibao chochote cha hao watu. Akacheka. Akasema kibao ni hilo jina, we chagua viatu. Nikanunua, na vinanibana mpaka saa hii.

Nikaingia tao, Kenyatta Avenue, kwa zile sanamu tatu za shaba ambazo watu hupita wakiangalia simu. Mmoja wao ni mpagazi. Chini kuna maandishi, Kiswahili kiko hapo pamoja na Kiingereza na Kiarabu, wapagazi wanaitwa miguu na mikono ya jeshi. Nikazunguka mara mbili natafuta majina. Hakuna hata moja. Wanahistoria wanataja wapagazi kama 95,000 waliokufa upande wa Waingereza, na wengi waliandikishwa kwa namba, kila mtu na kisahani chake cha namba, kwa hivyo kuhesabu walikuwa wanajua sana. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola ya makaburi ya vita ilikubali kwamba Waafrika wengi sana hawakuandikwa popote kwa majina, na wazungu waliokufa vita hiyo hiyo wako na mawe yao.

Nikampigia susu hapo hapo, magari yanapiga honi sikio moja nimeziba.

"Umempata?"

"Susu, majina hakuna. Wameandika tu ati ukipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako."

Akanyamaza nikadhani kredo imeisha.

"Lakini huyo hakuwa na watoto," akasema. Alafu akaniuliza kama nimekula.