Lutu Aliposema Hawezi Kufika Mlimani
(Mwanzo 19:15-22)

Wapendwa katika Bwana, malaika walipomhimiza Lutu aondoke Sodoma, alikawia, nao wakamshika mkono, yeye na mkewe na binti zake wawili, wakawatoa nje ya mji. Hata hapo, alipoambiwa akimbilie mlimani, Lutu alisema kwamba hawezi kufika huko, akaomba akimbilie Soari, mji mdogo uliokuwa karibu. Hakukemewa. Alikubaliwa ombi lake, akaambiwa kwamba maangamizi hayataanza mpaka atakapokuwa amefika huko. (Baadaye aliuhama hata Soari, lakini hilo ni somo jingine.)

Sisi ni wepesi zaidi wa kukemea. Habari za kimbunga zinapotufikia hapa Dodoma, mbali na bahari, huwa tunauliza kwa nini watu waliokwisha kutangaziwa hawakuhama, na wengine wetu, hata mimbarini, huita jambo hilo ukaidi. Wakazi wa New Orleans, Marekani, waliamriwa kuhama asubuhi ya Jumapili, tarehe 28 Agosti 2005, na kimbunga Katrina kikafika kesho yake. Zaidi ya robo ya kaya za mji huo hazikuwa na gari. Ulikuwa mwisho wa mwezi, fedha za wengi zimekwisha, na kuhama kulitaka nauli au mafuta, chakula, na chumba cha kulipia katika mji usio na ndugu. Wengine walikuwa na mgonjwa ambaye hawakuweza kumbeba wala kumwacha. Katika jimbo la Louisiana, karibu nusu ya waliokufa walikuwa na umri wa miaka 75 au zaidi. Mtu wa umri huo husikia tangazo vizuri kabisa, ila hana wa kumshika mkono.

Wanaokaa kando ya mto Kinyasungwe, wilayani Mpwapwa, hawahitaji kuelezwa sana. Mto unapofurika, bibi mwenye wajukuu, mbuzi wachache na mtama ghalani akiambiwa ahame, atauliza ahamie kwa nani, na mbuzi wabaki na nani. Swali hilo ni la haki, kama lilivyokuwa ombi la Lutu.

Kwa hiyo, kabla ya mvua za Desemba, kila jumuiya iandike majina ya wazee, wagonjwa na wajawazito wake wanaokaa mabondeni, na mbele ya kila jina iandike ni nani atakayekwenda kumchukua, kwa bajaji ya nani, na ni nyumba ipi ya jirani, iliyo mahali pa juu, itakayompokea pamoja na mbuzi wake.