Siku moja maishani mwangu: afunge kizazi mume, au mke?

Saa 1:00 asubuhi. Naandaa trei mbili za vifaa vya kufunga kizazi. Ya mwanaume ni ndogo: koleo ya pete ya kushikia mrija wa mbegu, koleo yenye ncha kali ya kutobolea ngozi, makasi, uzi, ganzi. Ya mwanamke imejaa: kisu, vishikio vya kupanulia jeraha, kifaa cha kuinulia kizazi kutokea ukeni, ndoano ya kuvutia mrija wa mayai, dawa ya usingizi mwepesi, na oksijeni pembeni. Ningeweza kuwaonyesha wenzi trei hizo mbili tu nikanyamaza.

Saa 2:00. Wenzi wa kwanza. Tunamsikiliza kila mmoja peke yake, kisha wote pamoja. Kabla ya kuuliza afunge nani, tunauliza kama kweli wameshafika mwisho wa kuzaa, kwa kuwa kitanzi na kipandikizi vinazuia mimba karibu sawa na kufunga, na vinatolewa. Majuto huwapata zaidi waliofunga kabla ya miaka 30. Mirija iliyokatwa huweza kuunganishwa tena, lakini ni upasuaji mgumu usio na hakika. Anayeuliza habari za kufunguliwa hajawa tayari. Anayefunga ndiye anayesaini, na anaweza kughairi hata akiwa juu ya kitanda.

Saa 3:00. Sasa mizani. Kwa mwanaume, tundu moja dogo katika ngozi ya pumbu, ganzi ya hapo hapo, kama dakika 20. Kwa mwanamke, tumbo linafunguliwa sentimita 2 hadi 5 juu ya kinena. Tukikosea kwa mume, mara nyingi ni damu kuvilia au usaha. Kwa mke tunaweza kugusa kibofu au utumbo. Kama wote wawili ni wazima na wote wameridhia, maoni yangu ni mume afunge.

Lakini mizani hugeuka. Mama anayejifungua kwa upasuaji tumbo lake litafunguliwa hata hivyo, basi mirija ifungwe palepale, mradi aliamua mapema na si katikati ya uchungu. Aliyejifungua kawaida tunamfunga ndani ya siku 7, au asubiri wiki 6. Mama mwenye ugonjwa wa moyo au makovu mengi tumboni, mzigo unarudi kwa mume. Mume mwenye ngiri iliyoshuka kwenye pumbu au maambukizi, hayo yatibiwe kwanza.

Hofu ya kuhasiwa huja kila wiki. Korodani haziguswi, homoni inaendelea kwenda kwenye damu, nguvu haipungui. Mbegu ni sehemu ndogo sana ya shahawa, kwa hiyo hata kiasi hakionekani kupungua.

Saa 4:30. Mume kitandani. Chumba kiwe na joto, kwani baridi huvuta pumbu na mrija unajificha. Kosa baya hapa ni kufunga mrija mmoja mara mbili na kuuacha wa pili. Ndiyo maana kila upande unafuatwa kwa vidole hadi kwenye korodani yake.

Saa 6:00 mchana. Mke, ambaye hajala kwa saa 8. Kipimo cha mimba kwanza, ingawa mimba changa mno hukipita. Mrija wa uzazi unafanana na kano iliyo jirani nao, kwa hiyo hatukati mpaka tuone vinyuzi kama vidole vilivyo mwisho wa mrija.

Saa 8:00. Kuruhusu wateja. Wote wapumzike siku 2, wameze parasetamoli, si aspirini, maana hiyo huzidisha kutoka damu. Mume avae chupi ya kubana, aweke kitambaa baridi saa 4 za mwanzo, akae siku 2 hadi 3 bila tendo. Mke asinyanyue mizigo na asifanye tendo kwa wiki nzima. Homa, usaha, au uvimbe unaokua: arudi siku hiyo hiyo. Mke akikosa hedhi siku za mbele na tumbo likamuuma upande mmoja, akimbie hospitali, maana mimba ya nadra inayotunga licha ya kufunga huweza kukaa nje ya kizazi.

Mke amekingwa tangu leo. Kati ya wanawake 1,000, kama 5 hushika mimba mwaka wa kwanza. Mume bado. Mbegu zilizokwisha kupita pale tulipokata zipo, na zinahitaji miezi 3 kuisha. Kondomu, au mke aendelee na njia yake. Pasipo kupima shahawa, wake 2 hadi 3 kati ya 100 hupata mimba mwaka huo, na lawama humwangukia mke asiye na kosa.

Saa 10:00 alasiri. Sampuli za waliofunga miezi 3 iliyopita, kwenye darubini. Nyingi ni tupu. Moja ina mbegu zinazoogelea. Mwenye sampuli anapigiwa simu: kondomu ziendelee, alete nyingine baada ya mwezi.