Rota kwanza, karo baadaye: nilivyosomea shahada ya uuguzi nikiwa kazini Nairobi

Kila muuguzi anayeniuliza nilivyopata shahada huku nikiendelea na kazi huanza na karo. Namwelewa, karo inauma. Lakini kwa niliyoyaona, jambo la kupanga kabla hujachukua hata fomu ni rota ya wadi, yaani ratiba ya zamu. Karo unaweza kuikopa. Siku ya Jumatano saa nane mchana, wadi imejaa, mwenzako kaugua na mhadhiri anaita majina ya waliofika darasani, muda huo hukopeshwi na mtu.

Mimi nilisomea stashahada KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, nikasajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, nikafanya kazi miaka kadhaa katika wadi ya magonjwa ya kawaida ya watu wazima, hospitali ya umma upande wa Eastlands. Kazi niliipenda na naipenda bado. Kilichonisukuma kurudi darasani ni mikutano ya wadi. Tulikuwa tunaona mambo yanaharibika, tunalalamika, kisha mtu anauliza: ushahidi uko wapi? Hapo tulikuwa tunanyamaza. Nilitaka kujifunza kuuleta huo ushahidi mezani.

Njia hii si ngeni Nairobi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwafundisha wauguzi waliosajiliwa masomo ya juu mwaka 1968, wakati huo ikiwa diploma ya juu ya uuguzi, na shahada yenyewe ikaja mwaka 1992. Aga Khan nao walileta mpango wa kusoma ukiwa kazini mwanzoni mwa miaka ya 2000. Halafu mwaka 2005 shirika la afya la AMREF, wakishirikiana na Baraza la Wauguzi, walianza kuwafundisha wauguzi wenye cheti kwa kompyuta ili wafikie kiwango cha kusajiliwa, bila kuacha vituo vyao vya kazi. Nalitaja hili kwa sababu msimamizi wa wadi yetu alipita huko. Alisoma moduli zake usiku kwenye kompyuta ya hospitali, akiwa na watoto wadogo nyumbani. Nilipoingia ofisini kwake kumweleza nia yangu sikuhitaji maneno mengi.

"Sista, naomba tuzungumze habari ya rota," nikamwambia.

"Umepata chuo?"

"Bado. Nataka nijue kwanza kama itawezekana."

Akaweka kalamu chini. "Basi nisikilize. Ukishapata, niletee ratiba ya muhula mzima. Usiniletee ya wiki moja. Nikiiona mapema nitakupangia. Ukija Jumapili jioni kuniambia una mtihani Jumatatu, hapo mwanangu sitakuwa na la kufanya."

Tukapatana hivi: zamu zangu za usiku zitakaa pamoja, na zitakwisha siku moja kabla ya siku ya darasa, ili nipate kulala. Hilo la kulala nililishikilia sana. Wapo wanaotoka zamu saa mbili asubuhi, wanapanda matatu Jogoo Road wakiwa bado na sare ndani ya mkoba, wanakwenda kukaa darasani mchana kutwa, na usiku wanarudi wadini kuchanganya dawa. Mimi nasema hapana. Mgonjwa anayekungoja kitandani hana habari na mtihani wako.

Kwa upande wangu nilijitolea kufanya Krismasi, Pasaka na wikendi za mwisho wa mwezi, zile ambazo kila mtu anataka kwenda nyumbani. Nikanunua daftari dogo, nikalitundika kwa uzi ndani ya kabati la chai. Kila aliyenishikia zamu niliandika jina lake na tarehe, na nilipoilipa nilikata mstari mbele yake. Daftari hilo lilinijengea heshima kuliko maneno yoyote. Deni la zamu likicheleweshwa, watu hawakugombezi. Wananyamaza tu, na siku nyingine ukiomba msaada kila mtu ana mgeni nyumbani.

Nikishakuwa na uhakika wa rota ndipo nikatafuta chuo. Hapa nawasihi wenzangu msiwe na haraka. Nenda kwenye orodha ya Baraza la Wauguzi ya vyuo vilivyoidhinishwa, uangalie kozi yenyewe unayoitaka, maana chuo kinaweza kuwa na idhini ya kozi moja na kisiwe nayo kwa nyingine. Kisha hakikisha kwamba Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inakitambua. Namfahamu dada mmoja aliyelipa karo mahali fulani kwa sababu palikuwa karibu na kwake na madarasa ni ya jioni, akaja kuambiwa kwamba kozi ile haijaidhinishwa. Alilia mbele yangu. Ameanza upya kwingine, na naamini atamaliza, lakini ile pesa haikurudi.

Habari ya karo nitaipitia upesi. Nilikopa Sacco, wadhamini wakawa wenzangu wa wadi, wale wale wa kwenye daftari. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, nao wana mkopo wa watu walioajiriwa wanaojiendeleza, kwa hivyo usidhani ni wa vijana waliotoka kidato cha nne peke yao. Nililipa kidogo kidogo kwa M-Pesa na kila risiti nikaipeleka pia kwenye barua pepe yangu, kwa sababu simu hupotea.

Mahali pa kusomea palinisumbua zaidi ya pesa. Nyumba yetu Umoja ni ndogo, na watoto wakimwona mama amekaa chini, wanajua ni wakati wa mama. Mama mkwe alikuja kutoka Kitui akakaa nasi muhula wa kwanza wote, Mungu ambariki. Siku za ofu niliingia maktaba ya Makadara, lile tawi la McMillan, nikakaa mpaka wafunge. Kuna utulivu, na vijana wa mtaani wanaosomea mitihani yao pale wananyoosha hata mgongo wa mtu mzima.

Sasa masomo yenyewe. Mengine ni marudio ya stashahada kwa maneno mapya, nayo yanapita. Nadharia za uuguzi nilizidharau wiki za mwanzo, halafu nikasoma ya Dorothea Orem kuhusu mgonjwa kujihudumia mwenyewe, nikamkumbuka kila mgonjwa wa kisukari tuliyemruhusu kwenda nyumbani bila kumtazama akijidunga sindano kwa mkono wake. Takwimu ndizo zilizotaka jasho. Lakini takwimu hizo hizo ndizo zilizonipa ninachokithamini kuliko vyote.

Mhadhiri wetu alitupa tusome utafiti wa Linda Aiken na wenzake, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2014. Walichunguza hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya, na wagonjwa 422,730 waliofanyiwa upasuaji. Wakaona kwamba kila wauguzi wenye shahada wakiongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 unapungua kwa asilimia 7. Darasa likashangilia. Mhadhiri akanyanyua mkono, akasema, "Someni na upande wa pili." Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kila muuguzi akiongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa kufa unapanda kwa asilimia 7. Nimeliweka hilo moyoni. Anayetumia shahada kumdharau muuguzi wa stashahada anayehudumia wadi nzima peke yake usiku, hajausoma utafiti ule mpaka mwisho.

Tulipofika kwenye utafiti wa mwisho wa kozi, wengi walitaka mada kubwa. Mimi nilijiwekea sharti: kila kazi ya chuo itoke wadini kwangu, ili saa moja ifanye kazi mbili. Nikaanza kuzitazama chati. Joto linabadilika, presha inabadilika, mapigo ya moyo yanabadilika. Kasi ya kupumua, pumzi 20 kwa dakika. Kitanda cha pili, 20. Cha tatu, 20. Asubuhi 20, jioni 20, hata aliyekuwa anahema ukiwa mlangoni unamsikia, 20. Hakuna muuguzi asiyejua kwa nini. Joto lina kipimajoto na presha ina mashine. Pumzi inataka usimame dakika nzima na saa mkononi, na wadi yenyewe haikupi hiyo dakika.

Msimamizi wangu wa utafiti aliisoma karatasi ya kwanza akaniambia, "Hapa una maswali manne. Chagua moja, haya mengine waachie wajukuu." Nikachagua: je, kasi ya kupumua iliyoandikwa inalingana na ile inayohesabiwa kwa dakika nzima?

Ruhusa zina foleni yake. Kwanza kamati ya maadili ya utafiti, kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha barua ya kaunti, kisha uongozi wa hospitali. Kamati karibu kila mara hurudisha pendekezo na maswali, kwa hiyo peleka lako mapema, ukiwa bado unasoma masomo mengine. Swali waliloniuliza kwa ukali ni hili: utawalindaje wauguzi wenzako? Lilikuwa swali la haki. Fomu zangu hazikuwa na jina la muuguzi, zamu wala tarehe ambayo ingemfichua mtu. Na kabla ya kuanza niliomba nafasi katika mkutano wa wadi, nikawaeleza wenzangu kwamba ninachopima ni mzigo tulio nao sote.

Kuhesabu kwenyewe kuna ufundi wake. Ukimwambia mtu unahesabu pumzi zake, anabadilisha anavyopumua bila kukusudia. Kwa hiyo unamshika kifundo cha mkono kama unayehesabu mapigo, unamaliza mapigo, unaendelea kukishika, na macho yako yanahamia kifuani polepole. Inuka na shuka ni pumzi moja. Dakika nzima, bila kukata nusu ukazidisha mara mbili.

Ndivyo nilivyomfikia mzee mmoja wa kidonda cha mguu, mwenye kisukari. Presha nzuri, joto kidogo, chati inasema 20. Nikashika mkono.

"Sista, mapigo yangu yamepotea? Mbona unakawia?"

"Yapo, baba. Nipe dakika."

Pumzi 28, tena zile ndefu za kuvuta kutoka tumboni. Katika mfumo wa alama za tahadhari unaoitwa NEWS, ulioanzishwa na chuo cha kifalme cha madaktari jijini London mwaka 2012, kasi ya 25 na kuendelea hupewa alama 3, na alama 3 kwa kipimo kimoja tu zinatosha kumwita daktari haraka. Nikapima sukari, ilikuwa juu sana. Mkojo ukaonyesha ketoni, asidi ambazo mwili hutengeneza ukikosa insulini. Daktari wa zamu alifika, tukamwekea maji ya mshipa na insulini, na tukamwangalia usiku kucha. Alikwenda nyumbani kwa miguu yake, akisaidiwa na gongo.

Matokeo ya utafiti yalikuwa kama tulivyohofia: chati nyingi zilisema 20 pale ambapo kuhesabu kulisema vingine, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wagonjwa waliokuwa wanapumua kwa kasi, ambao ndio tuliohitaji kuwaona. Nilipoyaleta katika mkutano wa wadi, hakuna aliyeuliza ushahidi uko wapi. Tukakubaliana kwamba mgonjwa mpya na mgonjwa mahututi wanahesabiwa dakika nzima, kila mara, na wengine kadiri wadi inavyoruhusu. Uongozi ukatuwekea saa za ukutani zenye mshale wa sekunde. Wauguzi zaidi bado hatujapata, na hilo tunalidai tukiwa na karatasi mkononi.

Cheo? Bado nangoja, kama wengi. Shahada niliipeleka Baraza la Wauguzi iingizwe kwenye rekodi yangu, nakala ikaenda kwa ofisi ya wafanyakazi ya hospitali, na ombi la kupandishwa daraja limo katika faili. Atakayekuambia mshahara unabadilika siku ya mahafali anakudanganya.

Kwa anayetaka kuanza: vyuo vingi hupokea wanafunzi Septemba, na vingine pia Januari na Mei. Hesabu nyuma kutoka hapo. Transkripti ya chuo cha zamani ndiyo huchelewa kuliko zote, iombe leo. Leseni yako iwe hai. Toa nakala za cheti cha KCSE, cha stashahada na cha usajili, na barua ya mwajiri inayoonyesha miaka uliyofanya kazi, kwa sababu vyuo vingi huiulizia. Halafu kabla hujalipa ada ya fomu, mtafute msimamizi wako wa wadi asubuhi baada ya ripoti, akiwa ameshakunywa chai, umwombe mkae na rota.