Kisiwa cha Prospero Kilipopata Wageni

Mwaka tulipowakutanisha Shylock, Portia, Brutus na Macbeth, wahusika wa tamthilia za Shakespeare, katika kibonzo kimoja, pale Dar es Salaam, orodha ya wahusika ilitoka moja kwa moja kwenye rafu ya vitabu. Hadi 1969 Mwalimu Nyerere alikuwa ameshatafsiri Juliasi Kaizari, yenye Brutus, na Mabepari wa Venisi, yenye Shylock na Portia, na S. S. Mushi alikuwa ametoa Makbeth na Tufani. Kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari akimpenda mhusika katika kibonzo, angeweza kumfuata hadi kwenye tamthilia yake kwa Kiswahili kilekile. Mahali pa kukutania palipatikana hapohapo: kisiwa cha Prospero wa Tufani, mzee mchawi anayeweza kuamsha dhoruba na kuvuta chombo chochote ufukweni kwake.

Kazi iliyotukalisha mezani ni kuamua kila mmoja anyakuliwe saa ngapi. Brutus anafia Philippi, Macbeth anakatwa kichwa; ukimchukua mmoja wao mapema mno hana alichokitenda, ukichelewa ni maiti. Kila mmoja pia alipaswa kuwa karibu na maji, la sivyo dhoruba ya Prospero haimfikii. Brutus tulimchukua baada ya mzuka wa Kaisari, aliyeshiriki kumuua, kumtokea Sardis, jeshi lake likivuka bahari kwenda Philippi. Macbeth tulimchukua Inverness, mji wa pwani, akiwa ameshamuua mfalme Duncan, na rafiki yake Banquo bado yu hai. Shylock, mkopeshaji Myahudi, anatoka mahakamani Venice, mji wenyewe umejengwa juu ya maji, akiwa ameshanyang'anywa mali na kulazimishwa kubadili dini. Portia yuko kwenye kivuko akirudi kwake Belmont, bado kavaa joho la wakili wa kiume alilojificha nalo mahakamani alipomshinda Shylock. Naye Prospero ilibidi awe hajavunja fimbo yake, jambo analoahidi karibu na mwisho wa tamthilia.

Saa hizo zikishapangwa, hadithi inajisukuma yenyewe. Jukwaani Shylock anaondoka asijue kwamba wakili aliyemshinda ni mwanamke, tena mke wa Bassanio. Ndani ya mashua moja siri hiyo haiwezi kukaa. Tukio lote la kibonzo tulilijenga kuelekea fremu ambayo Portia yumo majini, wimbi linachukua kofia yake, nywele zinafunguka, na anayeshika kamba ya kumvuta ni Shylock.

Mchoraji wetu alitaka maneno hapo. "Kaka, mpe hata mawili," alimwambia mwandishi wa skripti. Mwandishi alikataa, akamwomba achore mikono: vidole vimekaza kamba, kamba imezama kwenye ngozi ya kiganja. Nilikuwa upande wa mwandishi, na bado niko. Maneno ya jukwaani yana mwigizaji wa kuyabeba. Kwenye karatasi, maneno mengi yanamficha mtu aliye nyuma yake.

Fremu hiyo iliwekwa ukurasa wa 10 kwa sababu maalumu. Kijitabu kikifunguliwa, kurasa shufwa ziko kushoto, na msomaji hazioni mpaka afunue. Siri ikiwekwa ukurasa wa 11, jicho linaiona likiwa bado linasoma wa 10, na mshtuko umeisha kabla haujaanza.

Kisu cha njozi cha Macbeth kilitusumbua kwa namna nyingine. Anakiona yeye peke yake, sasa utakichoraje bila kumfanya kila aliyemo ndani ya mashua akione? Tuliweka kanuni: fremu inayotazama kwa macho ya Macbeth, kisu kina mstari mzito wa wino, fremu inayomtazama yeye kutoka nje, mkono wake umeshika hewa. Mzuka wa Kaisari ulifuata kanuni hiyohiyo kwa Brutus. Basi katika fremu moja watu wawili wamekaa bega kwa bega, kila mmoja akikodolea macho kitu ambacho mwenzake hakioni. Hiyo ndiyo faida ya kuwakutanisha.

Sura ya Shylock ilitaka uangalifu mkubwa kuliko zote. Kuna mazoea ya zamani ya kumpa pua kubwa na nywele nyekundu ili achekwe, na mchoro wa wino unayarudia upesi kwa kuwa katuni hupenda kukuza kiungo. Mwaka 1814 huko London mwigizaji Edmund Kean aliingia jukwaani kama Shylock akiwa na nywele bandia nyeusi, akaachana na zile nyekundu. Sisi tulimchora mfanyabiashara mzee, joho lililochakaa mabegani, mizani ndogo mkandani. Mizani ilitosha kumtambulisha hata akiwa kivuli tu, kama kitabu kwa Brutus na fimbo kwa Prospero.

Maneno yote yaliandikwa upya. Shakespeare alifariki 1616 na wahusika wake ni wa kila mtu, lakini tafsiri ina mwenyewe, hivyo hatukuchukua hata mstari. Kila kiputo, yaani duara la maneno ya mhusika, kilipewa maneno yasiyozidi 25. Herufi ziliandikwa kwanza, kiputo kikazungushwa baadaye, kwani neno kama "nisingekuokoa" linakula upana wote wa fremu ndogo, na kulikata katikati kunamkwaza msomaji.

Kurasa zilichorwa A4 ili zipunguzwe hadi A5, yaani asilimia 71 ya urefu na upana. Penseli ilikuwa ya bluu hafifu, isiyotokea kwenye fotokopi. Mstari wa milimita 0.8 ulitoka vizuri. Mistari ya kalamu nyembamba kabisa, iliyotumika kuchora mvua, ilikatikakatika. Herufi za milimita 5 zilibaki 3.5, na hapo ndipo mwisho wa kusomeka bila kukunja uso.

Kurasa 16 za A5 ni karatasi 4 za A4 zilizokunjwa na kubanwa katikati. Namba mbili zinazolala upande mmoja wa karatasi hujumlisha 17: 16 na 1, 2 na 15, 14 na 3. Nakala ya kwanza ya majaribio ilipokunjwa, mlingoti wa jahazi uliochorwa kuvuka kurasa za 2 na 3 ulikuwa umevunjika katikati. Kurasa hizo zinatazamana lakini ziko kwenye karatasi tofauti, na mashine ya fotokopi husogeza kila karatasi kidogo inapoivuta. Ni 8 na 9 tu, za katikati kabisa, zinazotazamana zikiwa kwenye karatasi moja.

Dhoruba ikachorwa upya. Mlingoti wote ukabaki ukurasa wa 2, na wa 3 ukapewa radi na Macbeth aliyekumbatia ubao. Picha kubwa ya mashua, wote wanne chini ya tanga moja, ikahamishiwa 8 na 9, hivyo msomaji akifunua kutoka hapo anamkuta Portia ameshaanguka majini.