The Lost Patrol (1934): jinsi bajeti ndogo ilivyomficha adui

Kuna filamu nyingi za askari waliozingirwa jangwani, na nyingi zimezeeka vibaya. The Lost Patrol haijazeeka hivyo, na sababu kubwa ni fedha. Studio ya Hollywood ya RKO iliitengeneza kwa takriban robo milioni ya dola, chini ya nusu ya gharama ya King Kong, filamu ya studio hiyohiyo iliyotoka mwaka mmoja kabla. John Ford aliiongoza akijua hana jeshi la kuonyesha wala mji wa kuchoma. Akabaki na kikosi kidogo cha wapanda farasi, vilima vya mchanga, kisima, mitende michache na msikiti uliohamwa ambao askari wanaugeuza ngome. Uhaba huo ndio uliompa filamu yake bora ya miaka hiyo ya mwanzo ya sauti.

Hadithi inatoka kwenye riwaya ya Philip MacDonald ya mwaka 1927, na filamu iliandikwa na Dudley Nichols na Garrett Fort. Ni Mesopotamia, mwaka 1917. Doria ya Waingereza inapita jangwani, risasi moja inalia, luteni anaanguka. Hakumwambia mtu yeyote amri alizopewa wala mahali walipo. Sajini, anayeigizwa na Victor McLaglen, anarithi watu wasiojua waendako. Wanafika kwenye kisima, wanalala. Asubuhi kijana aliyekuwa lindoni amekufa na farasi wote wameibwa.

Hapo pa farasi ndipo pa kusimama kidogo. Farasi ni gharama inayokula kila siku: malisho, maji, watunzaji, muda wa kuwapanga kabla ya kila picha, na joto linalowachosha kabla ya waigizaji. Waandishi wamewaondoa mapema, tena usiku, tena bila kutuonyesha wizi wenyewe. Tunachoona ni matokeo tu. Kwa pigo moja hadithi imewafungia askari pale kisimani, na mzalishaji ameacha kulipia farasi. Ukiitazama filamu kwa jicho hilo utaona hesabu hiyo kila mahali. Askari wawili wanapigiwa kura kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Safari yao hatuioni, tunaona miili yao ikirudishwa. Mmoja anapanda mtende atazame mbali, risasi inalia, anadondoka. Mpigaji hayupo kwenye picha.

Adui anaonekana mwishoni tu, watu wachache wakishuka kilimani. Kabla ya hapo yeye ni mlio. Jambo hili lisingewezekana miaka mitano nyuma kwa nguvu ileile. Riwaya hii ilishatengenezwa Uingereza mwaka 1929 kama filamu bubu, ikiongozwa na Walter Summers, na sajini wa filamu ile alikuwa Cyril McLaglen, ndugu yake Victor. Filamu bubu ikitaka ujue risasi imepigwa, lazima ikuonyeshe moshi, bunduki au mtu anayeanguka. Ford alikuwa na sauti. Mlio mmoja nje ya fremu unatosha, na mlio haulipwi posho. Hofu inakuja kwa sababu hujui uangalie wapi, na macho yako yanaanza kupekua kila kilele cha mchanga kama ya wale askari.

Mchanga wenyewe ni wa Marekani: matuta ya Algodones, kusini mashariki mwa California, upande wa magharibi wa mji wa Yuma ulioko Arizona. Studio za Hollywood zilipapenda kwa sababu za kawaida kabisa. Reli ilipita Yuma, kwa hiyo vifaa, mbao, chakula na watu vilifika bila shida kubwa, na ukishapanda tuta la kwanza huoni dalili ya ustaarabu. Beau Geste ya 1939 ilijenga ngome yake kwenye matuta hayohayo, na Return of the Jedi ya 1983, filamu ya mfululizo wa Star Wars, ikarudi huko na sayari yake ya mchanga.

Kupiga picha mahali kama hapo kuna mambo mawili yanayoharibu kazi ya mtu asiyejipanga. La kwanza ni mwanga. Katika filamu ya nyeusi na nyeupe, tuta la mchanga saa sita mchana ni karatasi tupu: jua liko utosini, hakuna kivuli, kilima na bonde vinakuwa kitu kimoja. Umbo la tuta linatoka asubuhi na jioni, jua likiwa chini upande mmoja. Mchana wa jua kali unabaki kwa mazungumzo chini ya mitende au ndani ya kuta, ambako kivuli kipo tayari. Filamu yenye jengo moja na kisima kimoja ina faida hapa, kwa kuwa timu haihami: inabadilisha upande tu kadiri jua linavyosogea.

La pili ni nyayo. Msafara ukishapita juu ya tuta safi, tuta hilo limekwisha. Ukitaka kurudia picha unahitaji tuta jingine, au upepo, au watu wenye mifagio na saa nzima ya kusubiri. Ndiyo maana picha pana hupigwa kwanza, kabla mtu yeyote hajakanyaga, kisha kamera inasogea taratibu kuelekea kwenye nyuso. Atakayeanza na nyuso atajikuta na uwanja uliochimbuliwa na viatu vya mafundi wake mwenyewe, na hakuna uhariri utakaouficha. Nawaambia hili hasa wanaopiga filamu ufukweni siku hizi kwa kamera ndogo, maana kosa hili naliona kila mara.

Kuhusu waigizaji, McLaglen ni nguzo. Katika vita halisi alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza na alifanya kazi Baghdad kama msaidizi wa mkuu wa polisi wa kijeshi. Unaliona hilo kwenye namna anavyobeba bunduki na anavyotoa amri bila kupaza sauti. Mwaka uliofuata, akiwa na Ford na Nichols tena, aliigiza The Informer, iliyompa Oscar ya mwigizaji bora. Boris Karloff ni habari nyingine. Anaigiza Sanders, askari mwenye wazimu wa dini, na anaanza juu mno. Mtu ambaye akili inamtoka hatua kwa hatua anahitaji mahali pa kutokea. Karloff ameshafika kabla ya jua la kwanza kuzama. Hata hivyo, pale Sanders anapotembea kuelekea matutani akiwa na msalaba wake, picha inashinda uigizaji na ninamsamehe yote.

Muziki ni wa Max Steiner, na uliteuliwa kuwania Oscar mwaka wa kwanza ambapo tuzo ya muziki ilitolewa. Unapiga karibu muda wote, kupita kiasi kwa masikio ya leo, na mahali pengine ningetaka upepo peke yake. Lakini Steiner aliuthamini: ukisikiliza mwanzo wa Casablanca ya 1942 utakutana na sehemu ya muziki huu.

Kasoro kubwa siyo ya fedha. Mesopotamia ya 1917 ilikuwa uwanja wa vita kati ya Uingereza na dola ya Uthmaniya, yaani ya Waturuki, na Baghdad ilitekwa mwezi Machi mwaka huo. Sehemu kubwa ya jeshi lililopigana upande wa Uingereza ilikuwa ya Wahindi. Ni jeshi lilelile la India ambalo kikosi chake kimoja, kilichoitwa B, kilitumwa Tanga Novemba 1914 na kushindwa, wakati kile cha D kikienda Mesopotamia. Ndani ya filamu hakuna Mturuki wala Mhindi hata mmoja. Wapo Waingereza, na Waarabu wasio na jina, sababu wala neno la kusema. Kumficha adui kunaleta hofu, sawa, lakini kunamnyima pia ubinadamu, na mtazamaji wa pwani yetu ana haki ya kukasirika anapoona jamii nzima imefanywa mlio wa risasi.

Umbo la filamu hii liliwavutia wengine haraka. Mwaka 1936 Mikhail Romm wa Urusi ya Kisovieti alichukua umbo hilohilo, askari wachache na kisima, akalihamishia Asia ya Kati kwenye filamu ya The Thirteen. Hiyo nayo ikazaa Sahara ya 1943, yenye Humphrey Bogart na kifaru kimoja, ambamo sajini Msudani amepewa jina, akili na heshima. Zitazame zote tatu kwa mpangilio huo.

Mwisho, angalia kopi yako kabla ya kukaa. Filamu kamili ina dakika 73 hivi. Ilipotolewa upya baadaye ilikatwa, na kopi zilizokatwa zilizagaa kwa miaka mingi kwenye televisheni. Usikurupuke kuilaumu kopi ya dakika 70, kwa kuwa DVD za PAL, mfumo wa televisheni wa nchi nyingi za Ulaya na Afrika, hukimbiza picha 25 kwa sekunde badala ya 24, na dakika 73 zinakuwa 70 bila kupotea hata fremu moja. Ikishuka chini ya hapo kwa dakika kadhaa, mkasi umepita. Tafuta nyingine.